"Bosi, Hii Inakaa Tu"

Gari likishuka melini pale bandari ya Dar es Salaam huwa zima. Naomba hilo liandikwe mahali. Chukua RAV4 la kizazi cha tatu, lile lililobeba tairi la akiba mgongoni kama mama aliyebeba mtoto kwa kanga. Kule Japani watu walikaa wakapima kila waya, wakachagua kila fyuzi, wakakubaliana kila nati ikazwe kwa nguvu kiasi gani. Limetembea miaka 15 bila kununa. Likifika kwetu, siku ya tatu tu anatokea shemeji, analizunguka mara mbili, anapiga tairi teke, halafu anatoa hukumu: "Shemeji, gari zuri, ila liko uchi."

Uchi! Gari lina milango mitano, lina paa, lina mpaka waipa ya nyuma, bado liko uchi. Basi safari ya Kariakoo imeanza. Gerezani huku, Ilala kule, na kila kitu unachoshika una fundi begani anakwambia: "Bosi, hii inakaa tu." Ukisikia "inakaa tu", jua haikai. Kitu kinachokaa hakihitaji wakili. Na neno linalofuata utalijua: "Tunachonga kidogo."

Redio ndiyo inayotangulia, maana hata mimi nakubali redio ya Kijapani ni mtihani. Mawimbi ya FM ya kwao, kwa redio za magari ya miaka ile, yanaanza 76 yanaishia 90. Ya kwetu yanaanza 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo mnakutana kwenye kichochoro kimoja tu, unasikiliza stesheni mbili, moja ina mahubiri na nyingine ina matangazo ya dawa ya meno. Skrini nayo inakuomba kwa Kijapani uweke diski ya ramani ya Japani. Ukitoa betri siku moja, nyingine zinajifunga kabisa na kudai namba ya siri ambayo mwenye gari wa kwanza aliiacha Yokohama.

Hapo unauziwa kiboksi cha kushusha mawimbi, kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Cha kushusha 12 kitakuletea stesheni ya 92.5 kwenye 80.5. Sawa, lakini piga hesabu: redio ina nafasi ya megahezi 14, nchi ina megahezi 20 na nusu. Huo ni mzigo wa daladala moja na nusu kwenye daladala moja. Lazima wengine wabaki kituoni, na siku zote wanaobaki ni stesheni unayoipenda wewe.

Haya, unanunua redio ya Android. Tundu la redio la Toyota lina upana wa sentimita 20 na kimo cha 10. Redio nyingi za kawaida zina upana wa sentimita 17.8. Inabaki nafasi ya milimita 11 kila upande, na hapo ndipo fundi anatoa silikoni. Silikoni kwenye dashibodi, jamani, kama anaziba sinki! Dawa yake ni kuomba tangu mwanzo redio ya sentimita 20 kwa ajili ya Toyota, au ile ya inchi 9 inayokuja na fremu yake ya RAV4. Na kabla ya kulipa uliza soketi za Toyota, ile ya pini 10 na ile ya pini 6, ziwemo ndani ya boksi. Bila hizo fundi atakata soketi za gari lenyewe aunge waya mmoja mmoja, na siku ukitaka kurudisha redio ya zamani utakuta ndevu tupu. Kuhusu RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, usishuke chini ya GB 2. Ile ya GB 1 ukibonyeza ramani inafikiri kwanza, kama karani aliyeulizwa swali saa sita na nusu mchana.

Sasa waya. Mwekundu ni moto wa ufunguo, unakuja ukifungua swichi na kuondoka ukizima. Njano ni moto wa moja kwa moja, unaotunza saa na kumbukumbu. Mweusi ni ethi, unaofungwa kwenye chuma cha gari. Bluu unawasha kikuza mawimbi cha antena, na huo ndio unaosahaulika kila siku. Halafu stesheni zinakoroma, na fundi anasema redio ni feki, kumbe antena haina umeme. Nyeupe na kijivu ni spika za mbele kushoto na kulia, kijani na zambarau za nyuma. Wenye mstari mweusi ni hasi. Rangi hizi ni za waya wa redio mpya, za gari lenyewe zina kabila jingine, ndiyo maana soketi inakuokoa.

Fundi mwenye haraka anachukua mwekundu na njano anavisokota pamoja, anavipa moto wa moja kwa moja. Redio inawaka vizuri sana. Tatizo ni kwamba haizimiki, inajifanya imelala tu. Na asipokwambia, utaanza kulaumu betri, halafu jenereta, halafu jirani mwenye husuda.

Kwa hiyo msimamie. Kwanza terminali hasi ya betri itoke, spana namba 10. Paneli ivutwe kwa kijiti cha plastiki, bisibisi ibaki kwenye boksi, maana alama ya bisibisi kwenye dashibodi haifutiki mpaka kiama. Kabla paneli haijarudi, jaribu kila kitu: spika nne, taa za dashibodi, kamera, vitufe vya usukani. Mafundi wetu wanafunga kwanza, wanajaribu baadaye, wanafungua tena, na kila ikifunguliwa kuna kilipsi kimoja kinakwenda kwa Mola wake. Ndiyo maana dashibodi inalia "kri kri kri" kutoka Ubungo mpaka Kibaha.

Kamera ya nyuma ni nzuri, sikatai, hasa kwa gari lenye tairi mgongoni. Ila ikifungwa chini ya tairi inapiga picha ya mpira mtupu. Waya wake upite ndani ya bomba la mpira lililo kati ya bodi na mlango wa nyuma, pamoja na waya za asili. Ukipita nje, mlango utautafuna mwezi mmoja, basi. Umeme wake unatoka kwenye taa ya rivasi, na redio nayo ipewe waya wa kuiambia kwamba gia ya rivasi imeingia. Picha ikija bila kugeuzwa kama kioo, kulia kunakuwa kushoto, na ukuta wa jirani unajua habari yako. Kamera nyingi za bei nafuu zina vitanzi viwili vidogo vya waya vinavyobadilisha hayo: kimoja kinageuza picha, kingine kinaondoa mistari. Soma kikaratasi kabla ya kukata. Najua, kikaratasi kimeshafungiwa karanga.

Taa sasa. Hapa nashusha pumzi.

Mtu ana taa nzima za kiwandani, anataka za ziada zenye mwanga wa uwanja wa Mkapa. Sawa, pesa zako. Lakini taa mbili za wati 60 ni wati 120. Gawa kwa volti 12, unapata ampia 10. Ampia 10 hazipiti kwenye kiswichi cha plastiki ukubwa wa kidole gumba, kilichotengenezwa kuwasha taa ya kusomea. Kitawaka siku mbili, ya tatu kitanuka. Ndiyo maana kuna rilei, swichi ya umeme inayobeba mzigo kwa niaba ya kile kiswichi, yenye miguu minne iliyoandikwa namba. Mguu wa 30 unachukua moto kutoka betri kupitia fyuzi ya 15. Wa 87 unakwenda kwenye taa. Wa 85 ethi. Wa 86 unatoka kwenye swichi, na waya huo wa swichi unaweza kuwa mwembamba, maana haubebi mzigo. Waya wa mzigo uwe wa milimita za mraba 2.5, na fyuzi ikae karibu na betri kabisa, umbali wa kiganja. Fyuzi iliyofungwa karibu na taa inalinda taa. Mita zote za waya zinazotoka betri zinabaki bila mlinzi, zinasuguana na chuma, na siku ngozi ya waya ikiisha unaona moshi kwenye boneti.

Fyuzi nayo, masikini. Nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ya 15 ikiungua inakwambia kuna tatizo. Sisi tunaiambia inyamaze. Tunaweka ya 30. Nayo ikiungua, karatasi ya sigara. Yaani mlinzi amepiga filimbi, umemfukuza kazi, umeajiri aliyelala.

Na zile balbu nyeupe za LED zinazochomekwa kwenye taa za kawaida! Kioo cha taa kimechongwa kufuata mahali ulipo uzi wa balbu ya zamani. Ukiweka LED ambayo vipande vyake vya mwanga haviko mahali pale pale, mwanga unatawanyika, wewe unaona mti wa mwembe vizuri sana na barabara huioni, na anayekuja mbele yako haoni hata mke wake aliyekaa pembeni. Kama huwezi kujizuia, basi zungusha balbu vipande viangalie kushoto na kulia, si juu na chini. Kisha simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, sehemu tambarare: ukingo wa juu wa mwanga mdogo uwe kama sentimita 5 chini ya kimo cha taa yenyewe. Ni kazi ya dakika 10 na bisibisi.

Jingine kuhusu taa, na hili linawapata wajanja. Taa nzima za mbele zinazotoka Dubai ni za gari la usukani wa kushoto. Zinanyanyua mwanga upande wa kulia, kwa sababu wao wanaendesha kulia na bega la barabara liko huko. Huku kwetu kulia ndiko anakotokea mwenzako. Ukimulika hivyo usiku usishangae unatukanwa kwa taa kutoka Chalinze mpaka Morogoro. Kapeti za miguu za Dubai zina ugonjwa huo huo: ile yenye mahali pa kupumzishia mguu inakaa kwa abiria. Dereva anapewa ya abiria. "Inakaa tu, bosi, tunachonga kidogo."

Na kapeti ya dereva si ya mchezo. Mwaka 2009 Toyota waliita magari kama milioni 3.8 Marekani kwa sababu kapeti ya chini inaweza kusogea ikabana pedali ya mafuta. Kapeti, si injini. Kwa hiyo ile ya dereva ishikwe na vindoano vyake viwili sakafuni, na usipange mpya juu ya ya zamani juu ya gazeti. Tatu zikikaa pamoja zinateleza kama chapati zenye mafuta.

Siti tuzipite haraka. Ukishona kava za ngozi bandia, angalia ubavu wa siti kama kuna kitambaa kidogo kimeandikwa SRS AIRBAG. Kikiwepo, mshono wa upande ule uwe dhaifu wa kuachia, au uachwe wazi. Fundi akikushonea uzi wa kushonea mahema, mfuko wa hewa hautoki. Halafu jua la Dar saa nane na ngozi bandia, wewe na kaptula yako, mtajuana.

Tinted. Hapa watu wanasoma namba kinyume. Asilimia 5 maana yake ni mwanga unaopita, asilimia 5 tu. Mtu anasema, "Niwekee kidogo, asilimia 5," anatoka na jeneza. Vioo vya nyuma vya gari la Japani vingi vina weusi wake wa kiwandani. Kioo kinachopitisha asilimia 25, ukibandika karatasi ya asilimia 20, vinazidishana: inabaki 5. Usiku ukirudi rivasi unaendesha kwa imani. Fundi mzuri anaosha kwa maji ya sabuni, anabandika kikiwa kimelowa, anakamua maji kutoka katikati kwenda pembeni, na anakuzuia kushusha vioo siku 3 mpaka 5. Wewe unashusha pale pale getini ili ulipe maegesho. Na akiondoa ya zamani kwenye kioo cha nyuma kwa wembe, sema kwaheri ile mistari myekundu inayokausha ukungu. Ukikwaruza mmoja, umekatika mmoja.

Vizuia mvua vya madirisha vinadondoka kwa sababu moja tu: fundi kafuta vumbi kwa shati. Gundi ile ya pande mbili inataka pafutwe kwa spiriti, pakauke, ukandamize kila sehemu kwa kidole, na gari lisioshwe saa 24. Sisi tunatoka kufunga tunapitia kuosha gari, ili lionekane.

Ngao ya mbele. Kilo 15 mpaka 25 za bomba la chuma zikining'inia kwenye bampa la plastiki, maana fundi hakuona haja ya kufika kwenye chasisi. Ukigusa gome la mti, ngao inarudi nyuma inatembelea rejeta. Uliza inafungwa wapi. Jibu likiwa "hapa hapa kwenye bampa", chukua gari lako uondoke. Vikanyagio vya pembeni vilevile: gari hili lina kama sentimita 19 chini yake, ukining'iniza bomba umeshazila kadhaa, kisha unalalamika matuta ya mtaani yanagusa. Kwa sababu yanagusa, unakwenda kunyanyua gari.

Kunyanyua! Sentimita 2 na nusu za mpira au aluminiamu juu ya springi, haya, gari linavumilia. Lakini alaimenti, yaani kunyoosha tairi zikae sawa, lazima ifuate siku hiyo hiyo, la sivyo tairi zinaliwa upande mmoja. Ukizidisha, shafti za mbele zinalala pembe kali, buti la mpira linapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia, na kila ukikata kona gari linahesabu: tak, tak, tak, tak. Hiyo ni sauti ya pesa.

Rimu nazo usinunue kwa macho. RAV4 hili lina nati 5 zilizopangwa kwenye mzunguko wenye kipenyo cha milimita 114.3, vizuri, rimu nyingi zinaingia. Lakini tundu la katikati la Toyota hii ni milimita 60.1, na rimu nyingi za dukani zina 73.1, ili ziingie kila gari. Bila pete ya kujaza nafasi hiyo, rimu inashikwa na nati peke yake, inakaa pembeni kidogo, na ukifika kilomita 80 hadi 100 usukani unatetemeka kama mtu mwenye malaria. Unapigiwa balansi mara nne. Balansi haina kosa. Pete zile ni plastiki nyepesi tu, lakini nani atakuuzia kitu cha bei ndogo wakati kuna cha bei kubwa?

Angalia pia nati. Rimu nyingi za aloi za asili za Toyota za miaka ile zinatumia nati yenye mguu mrefu na washa bapa. Za dukani zinataka nati yenye koni. Ukichanganya, nati inashika kwa ukingo tu na inalegea yenyewe njiani. Zikazwe kwa nyutonimita 103, na urudie kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Kuhusu tairi, ukitoka 225/65R17 kwenda 235/60R18 umepanda kama sentimita 1 na nusu ya kipenyo, asilimia 2. Spidi ikisoma 50 unakwenda 51, na tochi ya trafiki haijui habari za rimu zako. Faini inakusubiri.

Keria la juu? Tafuta kwenye kitabu cha gari uzito wa paa. Magari ya daraja hili mara nyingi ni kati ya kilo 75 na 100, na humo keria lenyewe limehesabiwa. Mifuko miwili ya saruji ni kilo 100. Unaona tulipofikia.

Halafu vioo vya pembeni. Huko Japani hakuna anayejua shida hii. Hapa kioo kinaondoka kwenye foleni, unakikuta Gerezani kinakusubiri, unakinunua. Kwa hiyo unachora namba ya gari kwenye kila kioo na kila taa, mpaka gari linakuwa daftari. Kuchora sina neno, kunasaidia. Ila ribiti, jamani, zipigwe kwa akili. Taa ya nyuma ikipigwa ribiti sita, siku balbu ya breki ikiungua huwezi kuitoa mpaka uite mtu mwenye drili. Weka skrubu yenye kichwa cha ajabu, funguo yake ibaki kwako.

Ukimaliza yote hayo, gari haliko uchi tena, limevaa mpaka koti la baba. Ijumaa jioni unaliegesha. Jumatatu asubuhi: tik. Kimya.

Kabla hujanunua betri, azima multimita. Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa gari lilale. Toa terminali hasi, weka multimita kwenye tundu la ampia 10, ncha moja kwenye betri, nyingine kwenye kebo. Ukiunganisha tu gari litaamka kidogo, liache dakika kadhaa lilale tena. Usijaribu kuwasha gari wakati huo, utaunguza fyuzi ya multimita ya watu. Ikisoma chini ya miliampia 50, huenda betri ndiyo imezeeka. Ikisoma ampia 0.4, hesabu: saa 60 za wikiendi mara 0.4 ni ampia-saa 24, na betri yako ni ya 60 ilipokuwa mpya. Anza kuchomoa fyuzi moja moja, ukiangalia namba. Ya redio, bado. Ya alamu, bado. Unafika kwenye waya mmoja usio na fyuzi, umesokotwa kwa solotepu ya kufungia zawadi, unapita nyuma ya kapeti. Unaung'oa. Namba inashuka mpaka 0.03.

Unaufuata waya kwa kidole mpaka mwisho wake. Ni ile taa ya bluu ya chini ya dashibodi. Zawadi ya shemeji.